Taya Lisilo na Kidevu

4 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mama anakula vizuri, ila macho ndiyo yamekwisha, sasa anamtambua mtu kwa kikohozi, na hatembei bila kushikwa mkono.

Najua tulikubaliana tusitajiane mambo ya kazi, yako wala yangu, tangu siku ile niliyokukatia simu. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu tunarukiana maneno, kwenye barua lazima mtu amalize kusoma kwanza. Nina shida, na shida haina adabu.

Tunachimba msingi wa kanisa jipya, upande wa nyuma karibu na ukuta. Jumatatu iliyopita fundi aligonga jiwe jeupe, gumu kama zege. Pigo la tatu likatoka taya. Ni taya la chini, meno yakiwamo, limekwama ndani ya jiwe. Wachimbaji wakaweka sururu chini. Wanasema wao hawafukui watu. Nikawaambia huyu si mtu. Nikawaonyesha mbele pale, mtu ana kidevu, ndivyo Mungu alivyomfinyanga, na hiki kitu kimeteremka moja kwa moja kama cha nyani. Wakanitazama tu, hakuna aliyeokota sururu.

Nimelifunga kwa taulo, nimelitia kwenye kopo la biskuti, utalipata pamoja na barua hii. Nakuomba kitu kimoja. Niandikie karatasi yenye muhuri wa makumbusho yenu, mstari mmoja unatosha, kwamba huyu ni mnyama. Ukishaandika, lifanye utakavyo. Mvua zikitukuta shimo likiwa wazi, kuta zote zitaporomoka.

Mama hatujamwambia kitu. Ila juzi aliniuliza tunachimba wapi. Nilipomwambia akasema, "Chimbeni taratibu."

Mdogo wako,
Mchungaji


9 Juni

Mdogo wangu, Baba Mchungaji,

Marahaba. Miaka miwili hunipigii, halafu unaniletea taya kwenye kopo la biskuti. Mpokea mizigo wetu alilifungua akidhani ni zawadi ya wote. Mpaka leo ananipita bila salamu.

Karatasi yako sikuandikii, kwa sababu ungekuwa uongo. Kazi yangu unaijua kwa kuidharau tu, basi leo nikueleze. Nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, chini ya taa na lenzi, nachokonoa jiwe kwa sindano, punje moja moja, halafu napitisha brashi. Siku nzima naweza kumaliza sehemu isiyozidi ukucha. Miaka kumi na minne nimesafisha mifupa iliyookotwa na wengine, na kwenye kabati la kioo yameandikwa majina ya hao wengine.

Sasa hili lako. Meno ni ya mtu kabisa. Lakini kidevu hana, na kidevu ndicho tulichonacho sisi ambacho wale wa kale sana hawakuwa nacho. Ndani ya jiwe nimekuta punje za mkaa. Mkaa, mdogo wangu. Alikuwa na moto. Na jino moja la mbele lina mfereji mdogo, laini, uliochimbwa na kitu alichokuwa akikibana kila siku kwa miaka mingi. Mimi nabana sindano zangu hivyo hivyo nikifanya kazi, na Daktari, mkuu wetu, hachoki kunigombeza. Nilipouona mfereji ule nilizitoa sindano mdomoni, nikacheka peke yangu.

Unaogopa nini hasa? Wewe unasema mtu katoka kwenye udongo. Na mimi nasema kwenye udongo. Tofauti yetu ni muda, wewe unampa Mungu siku moja, mimi nampa muda wote anaoutaka. Mkataa kwao ni mtumwa, na huyu ni wa kwetu.

Mbusu Mama.

Dada yako


13 Juni

Dada,

Methali yako nimeiona. Ingekuwa suala la siku ngapi nisingekukatia simu, hata mimi najua kuna siku ndefu.

Mimi nazika watu, dada. Nasimama juu ya shimo na mama wa marehemu ananitazama mdomo. Namwambia mwanao aliumbwa kwa mkono, na aliyemuumba anamjua kwa jina. Sasa kama mwanawe ni mwisho tu wa foleni ndefu ya viumbe waliokufa bila majina, nimwambie nini? Wale wa katikati ya foleni, nao waliitwa? Ni nani alikuwa wa kwanza kuamka asubuhi akiwa na roho, na mama yake aliyemzaa hana? Ukishindwa kunijibu hilo, niandikie kwamba ni mnyama, au nirudishie kitu changu.

Wazee wa kanisa wananiuliza kila Jumapili. Wachimbaji wawili wameshaondoka. Na Mama ameanza kuomba ashikwe mkono kila asubuhi akae kibarazani, kiti kielekee shimo. Haombi kingine. Mke wangu anasema kamsikia akisalimia, na pale hakukuwa na mtu.

Lirudishe, tafadhali.

Mchungaji


16 Juni

Mdogo wangu,

Swali lako ni zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye chumba hiki, na wanaoniuliza wana shahada. Nakujibu kwa ukweli: sidhani alikuwepo wa kwanza. Hakuna asubuhi uliyoamka ukakuta utoto umekwisha, lakini leo una mvi. Kama Mungu anamjua kila mtu kwa jina, sioni kwa nini foleni ndefu imshinde.

Kurudisha siwezi tena, limeshapewa namba. Tunaandika kwa kalamu nyembamba kwenye mfupa wenyewe, kwa wino usiotoka, halafu tunapaka vanishi juu yake. Yeye ni 4417. Jumanne tutatoboa jino moja tupate unga wa kupeleka maabara wapime umri. Tarehe 10 Julai litawekwa kwenye kabati la kioo, na Daktari ameniahidi mbele ya watu kwamba kwenye kadi litaandikwa jina langu. Najua unaona ni kitu kidogo. Mimi nimekisubiri tangu nilipoajiriwa.

Ili usiseme nimekudhulumu, nakutumia nakala ya plasta. Nimeimimina mwenyewe, kila mkwaruzo umo. Iweke mezani muizoee.

Dada yako


19 Juni

Mdogo wangu,

Haraka haraka tu. Leo saa nne asubuhi tumetoboa jino, lile lenye mfereji, kwa kuwa ndilo lililokuwa limelegea. Unga umekwenda maabara pamoja na kipande cha lile jiwe jeupe.

Sauti ya kutoboa nimeisikia mara mia, ya leo sikuipenda. Nilijikuta nimeshika shavu. Sijui kwa nini nakuandikia hili, labda kwa kuwa humu chumbani hakuna wa kumwambia.

Dada yako


20 Juni

Dada,

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Nakala yako ilifika juzi, Jumatatu. Niliifungua, nikaiacha mezani mbele ya Mama, nikaenda kunawa plasta mikononi. Niliporudi alikuwa ameipakata. Kidole gumba amekiweka kwenye ule mfereji wa jino, anakipeleka na kukirudisha. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia chumvi, "Nani kamnyoa baba yenu?"

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni plasta."

Akasema, "Najua ni plasta. Nimekuuliza nani kamnyoa."

Nikajisemea ni uzee. Mke wangu akaifunika nakala kwa kitambaa. Mama akakitoa, akasema atakosa hewa.

Halafu jana. Redio ilikuwa ndiyo kwanza inatangaza saa nne asubuhi. Mama akaniita kutoka kibarazani, nikamkuta ameshika shavu la kushoto. Akasema, "Mwambie dada yako aache. Baba yenu jino linamuuma."

Nimefundishwa maneno ya kusema mtu anapoona mapepo. Nimeyasema kwenye nyumba za watu mara nyingi, kwa sauti kubwa, na watu wakatulia. Jana sikusema hata moja.

Mlikuwa mnafanya nini jana saa nne?

Mchungaji


23 Juni

Mdogo wangu,

Barua zetu zilipishana njiani, kwa hiyo jibu umeshalipata. Una hakika ni saa nne? Redio zenu hazikosei?

Ni bahati. Wazee huumwa mashavu, na saa nne hufika kila siku. Ndivyo ningemwambia mtu mwingine, na ningelala vizuri. Wewe nakwambia kwamba tangu nisome barua yako nimekigeuza kiti changu, nafanya kazi nikiwa nimeegemea ukuta.

Kuna jambo lingine. Mkemia wa maabara alinipigia akauliza kwa nini nimempelekea chokaa. Nikamwambia ni mwamba. Akasema hapana, ni chokaa ya kuchomwa kwenye tanuru, imelowana ikaganda, na punje za mkaa ni za kuni za tanuru hilo hilo. Nikamwambia amekosea. Lakini yule hakosei, na kwa umri wa jino anasema nimpe wiki moja.

Sasa nijibu kitu. Baba alikuwa na kidevu? Nilikuwa na miaka tisa kipindupindu kilipomchukua. Namkumbuka amekaa kwenye kigoda chake cha ufundi viatu, misumari ameibana kwenye meno ya mbele, anatuongelesha bila kudondosha hata mmoja. Nakumbuka ndevu. Picha tuliyonayo ana ndevu. Chini ya ndevu sikumbuki kitu. Mimi nimechukua sura ya Mama. Wewe nimekuona na ndevu tangu ulipoanza kuziota, na hujawahi kuzinyoa, hata siku ya harusi tulipokusihi.

Halafu najiambia acha upuuzi, Baba yuko makaburini. Tumempalilia kila mwaka.

Nijibu. Usinijibu kwa mstari wa Biblia.

Dada yako


27 Juni

Dada yangu,

Jana asubuhi nimenyoa ndevu. Watoto wangu walikimbilia kwa mama yao. Nilisimama mbele ya kioo, kwa mkono mmoja nimeshika nakala yako nimeiweka sambamba na uso. Mbele pameteremka moja kwa moja. Ni lile lile.

Acha nikuambie nilichokuficha tangu barua ya kwanza. Siku taya lilipotoka kwenye jiwe, kitu cha kwanza nilichofanya ni kujishika ndevu. Nililijua, dada. Ila nililijua vibaya. Nilidhani nimeonyeshwa kwamba maneno yako yote ni kweli, na ushahidi ninatembea nao usoni, na siku moja muumini mmoja ataniambia nyoa tuone. Ndiyo maana nilitaka muhuri. Nilitaka serikali inihakikishie kwamba mimi na kile kitu hatujuani.

Nikaenda hivyo hivyo, uso mtupu, nakala mkononi, kwa mlinzi wa kanisa letu. Huyu mzee zamani alikuwa dereva wa lori la idara ya afya. Aliponiona hakuitikia shikamoo yangu wala hakusema karibu. Alikaa chini akaanza kulia. Akasema, "Nilijua tu ipo siku mmoja wao atakuja kuniuliza."

Mwaka ule wa kipindupindu, ndugu hawakuruhusiwa kusindikiza maiti. Siku ya Baba walipakia watu saba. Lori likazama kwenye matope kabla ya kufika makaburini, mvua inanyesha, na vibarua wakakataa kukaa na mzigo ule. Hapa kanisani palikuwa uwanja mtupu wakati huo. Wakachimba shimo moja, wakawalaza, wakamwaga juu yao chokaa yote waliyokuwa nayo, na mvua ikaikoroga. Kesho yake wakaenda makaburini wakatengeneza vichuguu saba na misalaba saba, ili ndugu zao wawe na mahali pa kulia.

Miaka thelathini na minne tumepalilia udongo usio na mtu. Nimesimama pale na joho langu nikasema maneno yote ninayoyajua.

Nimesimamisha ujenzi. Wale sita wengine wamo ndani ya lile jiwe jeupe, wamelala vile vile. Nimeanza kuwatafuta watu wao. Wa kwetu ndiye tuliyemvunja kwa sururu, halafu nikasimama juu yake nikawaambia watu kwamba si mtu.

Mlete.

Mdogo wako


1 Julai

Mdogo wangu,

Majibu ya jino yamekuja. Mkemia anasema ni la mtu aliyekufa miaka thelathini hadi arobaini iliyopita, mtu mzima, hakufika hamsini. Aliyasema kama anayesoma bei za nguo.

Nikaenda kwa Daktari. Kadi ilikuwa imeshachapwa, jina langu chini kwa herufi nzito. Nikamwambia 4417 ni baba yangu. Alidhani natania, kisha akanitazama usoni, akatoka nje akaniachia chumba.

Nimejaribu kuifuta namba. Nimejaribu spiriti, nimejaribu kila dawa iliyo kwenye rafu. Vanishi imetoka, wino haukutoka, tuliuchagua kwa sababu hautoki. Niliiandika mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, ule Baba aliousifu. Na jino la misumari limebaki nusu.

Mkataa kwao ni mtumwa, nilikuandikia, tena kwa mbwembwe. Wewe ulimwita mnyama na mimi nikamwita wa kale, na wote wawili tulikuwa tumemshika mkononi. Bado naamini ninachokiamini. Foleni ni ndefu, na kidevu chenu kimetoka mbali. Lakini niliyemtafuta miaka laki nne nyuma alikuwa amenisubiri kwenye kopo la biskuti, na sikumjua, mimi ambaye kazi yangu ni kuwajua. Naona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nikipitisha ulimi kwenye jino langu la mbele nausikia mfereji unaanza. Sindano nimeziweka kwenye kikombe.

Nitakuja Ijumaa. Nitampakata njia nzima.

Dada yako


3 Julai

Binti yangu,

Anayeandika ni mdogo wako, anayesema ni mimi. Nimemkataza kurekebisha, na nimemwambia barua ije kwa wale wa vifurushi ikukute kabla hujaondoka.

Usilie sana, utafika umevimba macho na mimi sitayaona, itakuwa hasara. Kile kichuguu cha makaburini nilijua ni kitupu. Kaburi lenye mtu hushuka mvua zikipita, udongo unakaa. Lile lilipita mvua tatu limesimama vile vile. Nikanyamaza kwa sababu mlikuwa wadogo, mlihitaji mahali pa kupeleka maua. Halafu mkakua, na mwenzako akawa mchungaji, nikaona nikisema nitamharibia. Nimekaa nayo. Aliponiambia wanachimba kule nyuma karibu na ukuta, nikaomba kiti changu kielekee huko, sikujua kwa nini.

Ndevu nilimwambia mimi afuge, tulipochumbiana. Wenzake walikuwa wakimcheka. Na huyu mwanangu nilimwambia hivyo hivyo alipobalehe. Kwa hiyo kosa lenu lina mkono wangu.

Namba iache. Nitaisugua mwenyewe, isipotoka azikwe nayo, atajua binti yake alimwandika. Ila ule unga wa jino mlioutoboa, uulizie. Uliobaki kwenye chupa, hata ukiwa wa kujaza ukucha, uje nao. Usimwache hata kidogo kwa watu.

Mmebishana mtu katoka wapi mpaka miaka miwili hamsalimiani. Huko mbali sikujui, mtaelewana nyinyi wenye kusoma. Huyu mimi najua alikuwa akitoka wapi. Akitoka kazini, saa kumi na mbili, misumari mdomoni amesahau kuitoa, na hakuitema mpaka awaone nyote wawili.

Siku waliyomchukua walimpitisha mlango wa nyuma, amefungwa turubai, na mimi nikazuiwa kumgusa. Ukija naye mpitishe mlango wa mbele. Nitakuwa nimekaa hapo.

Mama yenu

Dada, nimeandika kama alivyosema. Hili ni langu. Leo asubuhi nakala ya plasta haikuwa mezani. Nimeikuta kibarazani, kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, imeelekea barabara. Mke wangu anasema si yeye, watoto wanaogopa hata kuitazama, na Mama tangu jana hajashuka kitandani. Nimeiacha pale pale. Njoo mapema.